Dayodi ya Tatu

Ya kwanza niliiua kwa pupa.
Niliichomoa tumboni mwa mashine ya DVD iliyokufa,
kidude cha shaba, kidogo kuliko punje ya mtama,
nikaiunga moja kwa moja na betri mbili za tochi.
Ikanipa nukta nyekundu ukutani, kali kama pilipili.
Nikacheka. Nikamwita Adiru aje aone,
na kabla hajavuka kizingiti
ilishafifia, ikabaki wekundu wa ufizi
usiofika hata mezani.
"Nione nini?" akauliza.

Ya pili iliuawa na kapasita.
Ilikuwa imelala mezani tangu asubuhi, imeshiba,
mimi nikidhani haina kitu.
Nilipogusisha waya ilitapika yote kwa mpigo.
Hapakuwa na moshi wala mlio.
Dayodi hufa kama ahadi:
hujui ilikuwa saa ngapi.

Nikakaa chini. Mvua ya Arua ilikuwa juu ya mabati,
mferejini maji yakibeba maganda ya mihogo na ndala moja ya mtoto.
Mkondo, tunasema. Neno lilelile, la maji na la umeme,
na wote wawili hawajui kusema imetosha.

Ndipo nikamkumbuka mama na ufuta wake.
Anapima kwa kikombe, na ana kijiti
cha kupangusia mdomo wa kikombe.
Mteja aje na kilio, aje na kelele, aje shemeji,
kijiti kinapita, kilichozidi kinarudi guniani.
Miaka yote nilidhani ni uchoyo.

Kidhibiti kina miguu mitatu.
Kati ya mguu wa kutokea na ule wa kurekebisha
nikalehemu rezista ya omu kumi:
kahawia, nyeusi, nyeusi.
Hapo kidhibiti hushikilia volti moja na robo, hakikubali zaidi.
Moja na robo, gawa kwa kumi:
miliampea mia na ishirini na tano,
betri ya pikipiki iwe na kiburi au imechoka.
Hicho ndicho kijiti cha mama.
Dayodi inakula baada yake.

Lakini sikuiacha ile mara moja.
Mahali pake niliweka dayodi nne za kawaida,
nyeusi, zenye mkanda wa kijivu, za kufa badala yake,
na rezista ya omu moja ya kusomea.
Mita: mia na ishirini na nne.
Nikakata bati la kopo la maziwa, nikakifunga kidhibiti mgongoni,
maana kilikuwa kinatoka joto kama kuku anayeatamia.
Mia na ishirini na nne.
Nikaenda kula. Nikarudi.
Mia na ishirini na nne.

Nikazima. Nikagusanisha miguu ya kapasita kwa bisibisi:
cheche, ndogo, ya bluu.
Wewe ndiye uliyemuua mwenzake.
Ndipo nikalehemu ya tatu, pumzi nimeibana,
nikawasha.

Adiru ni mwashi. Anajenga zahanati kule Ediofe,
na uzi wake hucheza na upepo.
Jioni tuliweka leza juu ya ndoo iliyofunikwa kifudifudi,
tukaisawazisha kwa mpira wa maji.
"Usiitazame usoni," nikamwambia.
Akaifuata kwa mgongo wa mkono,
nukta ikitembea juu ya ngozi yake iliyojaa saruji,
hatua thelathini, hadi ukuta wa kaskazini,
ule alioumaliza mwezi jana,
ule waliompigia makofi.

Akaweka kidole chini ya nukta.
Kozi ya tofali ilikuwa chini yake, kidole kizima.
Akasugua, kana kwamba ni doa.
Nukta haikutikisika.
Nilitamani, Mungu anisamehe, ile ya kwanza,
iliyokuwa inafifia.

"Zima," akasema hatimaye. "Usimalize betri.
Kesho tutaihitaji tukibomoa."