Swali la Kumi na Saba

Binti aliyekuja na dodoso anaitwa Saltanat.
Kalamu yake imeganda; anaipulizia,
anaisugua viganjani kama anayeamsha kifaranga.
Tumeketi juu ya bomba la maji moto la kiwanda,
hapa Temirtau, ambapo theluji huanza safari nyeupe
ikafika chini na rangi ya masizi.

Swali la kwanza. Je, mbu huambukiza virusi?
Dada, namwambia, leo ni nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
nionyeshe huyo mbu nimvue koti langu nimpe.
Anacheka. Anaandika: Hapana.

La pili, la tatu, la nne, nayapata yote.
Kikombe, hapana. Kupeana mkono, hapana. Choo, hapana.
Kuchangia sindano, ndiyo,
hata mniamshe usiku wa manane nitajibu ndiyo.
Ningefaulu hivi shuleni leo ningekuwa mhandisi.

La tisa. Je, uliwahi kuchangia sindano?
Miaka hii, hapana. Kila mtu na yake.
Naapa kwa kaburi la mama.
Edik alikuwa na yake, mimi yangu,
na Lyuda yake, kaifunga uzi mwekundu isipotee.
Zote tatu tulizichovya katika bakuli moja.

Kalamu inasimama.
Bakuli, anasema.
Bakuli, nasema. La bluu. La mama, la kupondea viazi.

Dodoso halina bakuli.
Anapindua ukurasa, anarudi, anatafuta pa kuliweka,
mwishowe analiandika pembeni kwa herufi ndogo,
kama mgeni asiyealikwa anayepewa ncha ya benchi.

Sikujua. Liandike hilo nalo pembeni.
Sindano tuliijua kama mtu ajuavyo jina la mwizi
asiujue uso wake.
Damu nzito kuliko maji, tulikaririshwa tangu utoto,
mimi na Edik, tumbo moja.
Nani angetuambia kwamba ndani ya maji
damu haihitaji uzito?

La kumi na mbili. Ungekula meza moja na mwenye virusi?
Muulize Lyuda.
Dada yake humwekea sahani ya peke yake, yenye ufa,
isije ikachanganyika na za watu.
Za watu. Ndivyo asemavyo.
Lyuda hunywa supu yote, hushukuru,
huiosha sahani mara mbili,
huirudisha rafuni ufa ukitazama ukuta.

Mengine nimeyasahau.

La kumi na saba. Ungependa kuijua hali yako?

Edik hakupenda.
Asiyejua, alisema, hufa mara moja tu.
Dawa zilikuwepo, bure, hospitali ileile, ghorofa ya pili.
Yeye alilazwa ghorofa ya kwanza miezi mitatu
akikohoa, akiogopa ngazi,
kwa sababu anayepanda ngazi zile
mji mzima unajua anakwenda wapi.
Mwezi wa tatu tukamshusha, ingawa hakuwa amepanda.

Saltanat haandiki. Ananitazama.
Kisha ananionyesha gari lao, kuukuu, hita yake imekufa.
Ndani mna boksi la sindano mpya,
na vikombe vya bati, vidogo kama vizibo,
kila kimoja kwenye mfuko wake.
Navihesabu. Vitatu. Narudisha kimoja.

Nipe kidole, anasema.
Mimi niliyejichoma mkononi, mguuni, shingoni,
gizani, chooni, nikiwa nimesimama,
kwa kijisindano hiki cha kidoleni nafumba macho.

Dakika kumi na tano, anasema.
Tone langu linapanda taratibu kwenye ukanda mweupe.
Yeye anataka kuandika saa, kalamu imeganda tena.
Lete, namwambia. Naipulizia,
naiweka mdomoni, naipasha kwa ulimi, namrudishia.

Anaandika saa nne na dakika ishirini.
Halafu anafikiri jambo, anatazama nje kwenye moshi,
na huku akifikiri anaiuma kalamu, ncha ileile.
Hakuwa ameifuta.