Tundu Moja Nimeliacha

Julai, Sakina. Alfajiri ya saa kumi na moja
bati linatoa jasho juu ya neti:
tone, kisha kimya, kisha tone.
Mlima Meru umejifunika gubigubi
na sisi chini yake tumejifunika vitenge viwili,
sweta la shule
na soksi zisizofanana.

Mita ya LUKU inalia kama kifaranga aliyepotezana na mamaye.
Uniti tatu nukta mbili.
Jana jioni zilikuwa kumi na moja.
Ile hita ya waya mwekundu niliyoinunua Mbauda
imezitafuna usiku kucha
na chumba hakikumbuki kwamba kiliwahi kupashwa.
Tumewapasha moto mawingu.

Anaeli anabeba mizigo ya wageni mlimani.
Kabla ya kupanda safari hii, akifunga kamba za viatu,
aliniambia: "Baridi haiingii, Namsifu.
Baridi haina miguu.
Ni joto letu linalotoka. Lifuate uone njia yake."

Basi nikawasha kijiti cha udi
nikazunguka nacho ukutani kama mwizi wa nyumba yangu.
Mahali pengine moshi ulisimama wima.
Chini ya mlango ulilala kifudifudi, ukatoka.
Penye luva, pale kioo cha tatu
kilipoondoka na mpira wa Ndeshi, ulikimbia.
Na juu, kati ya ukuta na bati,
upana wa kiganja, nyumba nzima kuzunguka!
Fundi alisema ni pa kupitisha hewa.
Alisema huku anacheka.

Mimi ni mshonaji. Mabaki ninayo:
sare za kwaya, pindo la gauni la kipaimara,
mguu mmoja wa suruali ambayo mwenyewe hakurudi kuifuata.
Nikashona nyoka mrefu, nikamjaza maranda,
nikamlaza mlangoni.
Ndeshi amempa jina, Bwana Afya,
kwa kuwa anazuia watu kuingia.

Bei ya dari la jipsamu niliulizia.
Nikamshukuru fundi, nikamwongezea chai.
Kisha nikaosha viroba vya sembe, arobaini na kimoja,
nikaviunga kuwa shuka moja pana,
tukalitundika chini ya bati kwa misumari na kamba ya manila.
Sasa tukilala chali tunasoma mbinguni:
kilo ishirini na tano, kilo ishirini na tano,
weka mahali pakavu.

Makande nayo nayachemsha nusu saa tu,
nazima gesi, nalifunga sufuria
ndani ya begi la kulalia la Anaeli,
lile ambalo zipu yake imeng'oka meno huko juu kwenye barafu.
Saa nane mchana nafungua:
maharage yameiva yenyewe,
hakuna aliyeyasimamia,
na mvuke unanipiga usoni kama mtu anayenidai.

Hita nimeirudisha kwenye boksi lake.

Limebaki tundu moja,
lile tofali la macho manne juu ya dirisha.
Usiku linanipuliza shingoni, hapa hapa, halikosei.
Mto wake nilishaushona, wa bluu, kipimo sawasawa.
Nikapanda juu ya stuli nao mkononi.

Nikiwa pale juu nikaliona bati la nyumba ya pili.
Kwa mama Penieli, mwaka juzi, mwezi huu huu,
waliingiza jiko la mkaa chumbani
na matundu waliyaziba vizuri,
vizuri kuliko mimi.
Watu walipovunja mlango asubuhi
jivu lilikuwa bado na uvuguvugu.

Jiko letu linakaa nje, chini ya mparachichi. Najua.
Lakini mtoto akisikia baridi, na mimi sipo?

Nikashuka.
Mto wa bluu anaulalia Ndeshi.
Tundu linapuliza.
Nasogeza shingo, navuta kitenge,
naliacha lipulize.