Muhtasari wa Kisiwa Kilichohama

Fomu ilitoka Nansio kwa mtumbwi wa asubuhi,
imekunjwa ndani ya mfuko wa mkate.
Swali la kwanza: Kata ina visiwa vingapi?
Nikaandika saba. Nikafuta. Nikaandika sita na
kalamu ikakwama hapo,
kama mtu aliyesahau jina la mkwewe.

Sita vina mizizi. Navijua kwa nyayo:
kile cha matale, jiwe limebeba jiwe,
muhogo unaota palipobaki;
kile cha Wakara, ambako shamba hupimwa kwa hatua
na samadi ya ng'ombe mmoja ina warithi wanne;
kile cha machungwa; viwili vya kambi za dagaa,
vinavyojaa mbalamwezi ikififia na kubaki tupu ikiwaka;
na kile cha mnandi, mweupe kwa vinyesi,
hakina mpiga kura hata mmoja,
ila kila bajeti tunakitengea fungu la choo.

Cha saba ni cha Nyabise.
Hakikuumbwa. Kilikatika.
Mvua za Machi zilipopandisha ziwa
kipande cha mafunjo kiling'oka ufukweni kwetu
kikaondoka na kibanda, bata kumi na wanne,
magimbi mistari mitatu, na Nyabise mwenyewe
ndani, akichambua dagaa.
Hakupiga yowe. Alisema baadaye:
Nilihisi kama mtoto anageuka tumboni.
Alilala kata yetu, akaamkia Igombwe.

Basi tukaitwa. Kata mbili, benchi sita, soda za moto.
Diwani wa Igombwe: Kilichotia nanga kwetu ni chetu,
bata walipiwe ushuru kwetu.
Bwire, mwenyekiti wetu: Mafunjo yana kwao!
Akatandaza ramani. Mkunjo ulikuwa umepita
pale pale penye ubishi,
na panya naye alikuwa ametoa maoni yake.

Afisa ardhi akasema, ardhi ni mali isiyohamishika;
hii imehama, kwa hiyo si ardhi.
Afisa uvuvi akasema, haina injini, haina namba ubavuni,
kwa hiyo si chombo.
Mtendaji wa Igombwe akauliza kama bata ni mifugo
au ni abiria.
Nami nikaandika yote, maana ndiyo kazi yangu,
mstari chini ya mstari, hadi mkono ukafa ganzi.

Nyabise aliwekwa kwenye Mengineyo.
Alisimama, kanga imelowa pindo.
"Miaka kumi na mmoja nimeomba mkunga afike kwetu.
Mkasema hamwioni njia.
Leo nina bata kumi na wanne
mmeniona kata zote mbili."

Hakuna aliyekohoa.
Mashine ya risiti ikalia yenyewe mezani, chaji imekwisha.

Ndipo upepo wa mchana ukageuka.
Tuliona dirishani, wote, diwani na mwenye soda:
kibanda kinapita polepole nyuma ya ofisi,
bata wamejipanga ukingoni kama wajumbe,
kinaelekea maji makuu, kusikokuwa na diwani.
Nyabise akavaa kandambili.
"Samahani, waheshimiwa. Nyumba inaniacha."
Akakimbia; mtoto wa Magesa akamvusha kwa kafi moja
na ubao wa kukatia samaki.

Kikao kiliahirishwa. Akidi ilikuwepo.
Kilichokosekana ni ajenda.

Fomu nilituma: sita, na kimoja kilichotoka.
Ilirudi wiki ya pili, wino mwekundu:
Andika namba kamili.
Nikasogea dirishani, nikahesabu kwa kidole,
nikafika sita. Ziwa lilikuwa limenyooka kama shuka,
na mbali sana, kama si macho yangu,
moshi wa mtu anayepika.
Nikaandika saba.
Nikapiga muhuri kabla upepo haujabadili nia.