Saa za Moto, Saa za Karatasi

Moto ulikatika jana saa nne na robo asubuhi
nikiwa katikati ya neno uchumi.
Silabi ya mwisho haikuwahi.
Kabla skrini haijafumba jicho niliona: uchu.

Kibanda changu kiko Kadutu, pembeni ya ngazi za mawe,
mashine mbili, kiti kimoja na nusu,
na wanafunzi wa lisansi wanaosubiri memwari zao
kama ndugu wa mgonjwa nje ya chumba cha upasuaji.

Zamani ningesimama mlangoni
nimuulize jirani Cikuru: "Na kwako umeenda?"
na giza lake naliona kwa macho yangu.
Tungeulizana hivyo hadi adhuhuri,
tukilaani bwawa, tukilaani mto, tukilaani waya,
na siku ingekunjwa kama turubai la mchuuzi kwenye mvua
kabla sijauza hata ukurasa.

Aliyenitoa huko ni Mama Nsimire,
muuza sambaza wa ngazi ya chini.
Alipita na beseni kichwani, hakusimama:
"Wewe unangoja moto uamshe mikono.
Mikono nayo inatumia waya?"

Usiku ule nilichukua rula
nikaipasua kurasa ya daftari kwa mstari mmoja.
Kushoto moto, kulia karatasi.
Kushoto kupiga chapa, kudurufu, simu za watu kwenye chaji.
Kulia kuusoma mwandiko wa Bahizire, unaolala kifudifudi,
kuuliza hii ni "mavuno" au "maumivu",
kutoboa, kushona, kuvisha jalada,
na kudai madeni,
maana deni halijawahi kuhitaji umeme.

Moto ukiondoka sasa sitoki mlangoni.
Nahamia kulia.
Nao ukirudi, mara nyingi saa sita usiku,
hunikuta nimelala mapema kama kuku,
nimeamka kama mwizi,
kila neno limeshasomwa, vidole vinajua njia.
Saa tatu za usiku zikabeba mzigo wa siku mbili.
Cikuru akasema nimepata dawa kwa mganga.
Nikamwonyesha rula.

Lakini daftari lina macho mengine.
Ansima, miaka saba, alilifungua akitafuta pa kuchora,
akasoma kushoto, akasoma kulia, polepole, kwa kidole,
kisha akauliza:
"Baba, mimi niko upande gani?"

Nilitafuta.
Hata nilipindua kurasa.

Saa kumi na mbili jioni sasa ni yake,
haina mstari, haina upande.
Jumanne iliyopita moto ulirudi saa hiyo hiyo,
mlima mzima ukapiga kelele, watoto, vifuniko vya sufuria,
redio zikaamka zikigombana,
na mimi nimekaa kwenye mkeka na saba mara nane.
Hamsini na nne, alisema. Nikasubiri.
Bahizire akapiga simu, akapiga tena, akapiga.
Hamsini na... sita?
Moto ukaondoka.

Kurasa kumi na moja nilizipoteza jioni ile.
Bahizire aliniita mvivu, akapeleka sura ya nne
kwa kijana wa Nyawera mwenye jenereta.
Hasara hiyo nimeiandika, kulia, kwa herufi ndogo.
Sikuipatia jina zuri. Ni hasara.

Sasa ni saa sita na dakika tisa.
Balbu imetikisika, imekaa.
Mashine inakohoa, inakumbuka,
maana siku hizi nahifadhi kila mstari wa tatu,
na pale nilipoachia jana
kishale kinapepesa mbele ya neno lililokatwa mkia.
Nyuma ya pazia mtoto anajigeuza, anahesabu usingizini.
Najongeza kiti, kile kizima.
Naandika mi.