Fomu Inauliza Jina la Mke

Barua tatu nimezichapa mimi, Jumatatu,
kabla feni haijaanza kunung'unika.
YAH: UTEUZI WA MHADHIRI MSAIDIZI.
Kiolezo ni kile kile cha miaka yote, kinafungua na Bw.
Nikafuta, nukta na vyote,
nikaandika Bi., Bi., Bi.,
na kompyuta, maskini, ikanipigia mstari mwekundu.

Miaka kumi na tisa niko masjala hii ya Mlimani,
kati ya kabati la chuma na dirisha
ambalo tumbili hupitisha mkono kutafuta ndizi yangu.
Nimefungua majalada ya wachongaji, wapiga marimba,
waongozaji wa michezo wenye sauti ya kuamrisha mvua.
Mmoja alikuja na tezo ndani ya begi la kompyuta.
Wanawake waliingia humu wakiulizia matokeo.

Wa kwanza kuripoti: Subilaga Mwaisaka, ufinyanzi.
Mama yake huko ziwani hufinyanga bila gurudumu,
yeye mwenyewe ndiye huzunguka chungu, kinyumenyume.
Fomu namba mbili ikamuuliza: Jina la mke.
Akaitazama kama mtu anayeulizwa bei ya kitu asichouza.
Nikamwambia wengine huweka kistari.
Akachukua kalamu yangu, akaandika:
Bado sijapata. Nikipata nitaleta cheti.

Ofisi aliyopewa ni stoo.
Gurudumu la kufinyangia limo, chini ya mitihani ya mwaka juzi.

Nyamizi Kashindye, wa ngoma,
alikutana na maneno ukumbini kabla ya kukutana na ufunguo:
tangu lini mwanamke akabana ngoma mapajani?
Hakujibu. Aliyecheka ni Chilongani, fundi wa ala,
Mgogo yule, mpaka akashika ukuta:
"Kwetu muheme hupigwa na nani, mzee, na mbuzi?"
Saa nane ngozi zilikuwa juani, juu ya boneti ya gari la mkuu wa idara.
Saa tisa pini zangu zikaanza kutembea mezani.

Siwatu Pazi yeye nilimjua tangu siku ya usaili.
Nilikaa pembeni, naandika muhtasari.
Mazoezi ya michezo ni ya usiku, wakamwambia,
mtoto atabaki na nani?
"Na baba yake. Ana mikono miwili, nimeihesabu."
Mwenyekiti akanigeukia: hilo swali usiliandike.
Swali sikuliandika.
Jibu nimeliandika. Liko kipengele cha saba,
peke yake, halikuulizwa na mtu.

Mshahara wao wa kwanza utachelewa. Hilo halina jinsia.

Sasa niseme na la kwangu.
Droo ya tatu, chini kabisa, kuna jalada la kijani
lililotakiwa kwenda kuchomwa, nami nikasahau kwa makusudi.
Thabita Mhando, uchoraji. Aliomba mara tatu.
Mara tatu nilimchapia, kwa vidole hivi hivi,
Tunasikitika kukufahamisha,
nikalamba bahasha, nikaenda kula chapati.
Aliambatisha mchoro wa mkaa: Ubungo baada ya mvua,
nyaya za umeme zimelegea, mama mmoja
amebeba viatu vyake mkononi.
Hakuna aliyeurudisha. Hakuna aliyeuomba.
Nasikia anachora mabango ya saluni, Tegeta,
vichwa vya wanawake wasiozeeka.

Leo nimepanga majalada mapya rafuni.
Subilaga, Nyamizi, Siwatu, gundi haijakauka.
Nikalivuta la kijani, nikaliweka mbele yao,
kwa sababu namba ni namba, na ya kwake ni ndogo.
Mkaguzi akija atauliza.
Simu ilikuwa inalia. Nilipoipokea
nikaiacha na alama ya kidole, nyeusi:
mkaa ule, miaka yote hii, bado unatoka.