Jogoo wa Etelvina

Etelvina amenipa hadi Jumamosi.
Jumapili wajukuu wanashuka kutoka Luksemburgi
na jogoo ataingia chunguni, na mchele, na siki,
na damu yake mwenyewe, kama tupikavyo huku Minho.
"Mchore upesi," kaniambia juu ya ukuta,
"nyama haingoji sanaa."

Basi nimeketi uani kwake, kwenye kiti cha jikoni,
karatasi nimeibana ubaoni kwa utepe,
glasi mbili za maji, moja ya kuoshea, moja ya kunywa,
na tayari nimeshachovya brashi katika ile ya kunywa.

Miaka thelathini na minane nilitia nguo rangi kiwandani.
Nyekundu naijua kwa pua kabla ya jicho:
ile ya bendera, ile ya mapazia ya hoteli,
ile isiyoshika, ikakuaibisha fuo la kwanza.
Lakini rangi ya maji haina msimamizi.
Unaiweka hapa, inakwenda pale.
Undu niliuanza vizuri, meno matano yamesimama,
kisha tone likateleza shingoni, likapita kifuani,
na kabla sijapata kitambaa
jogoo kashachinjwa, siku mbili kabla ya siku yake.

Naye hatulii. Anaparua, ananigeuzia jicho moja,
anamwita tetea kwenye punje aliyoiona yeye,
hali, anamwachia,
halafu anadai malipo.

Fabrício, kijana anayetufundisha kila Alhamisi,
anasema jogoo ni alama: ushujaa, tazama vikwaru;
jua, tazama kifua; kukesha, tazama jicho.
Huku kila duka la watalii linamuuza,
wa udongo, mweusi, mioyo mgongoni,
kwa kuwa zamani, wanasema, jogoo wa kuokwa
aliinuka mezani kwa hakimu akawika
mgeni asiye na kosa asinyongwe.
Ninaye mmoja, juu ya friji.
Hajawahi kuniambia kitu.
Na yule wa chuma kwenye mnara wa kanisa
asubuhi kaelekea bahari, jioni milima,
kigeugeu, nasi twapiga magoti chini yake.

Huyu wa Etelvina ndiye anayenitazama.

Mwaka wa sabini na mbili, zamu ya usiku,
waliingia wawili wenye makoti, msimamizi nyuma yao.
Makaratasi yalikutwa katika kapu la Idalina,
Idalina aliyenifundisha kupima chumvi kwa kiganja.
Unamfahamu? Nikasema, ni wa mashine ile.
Unakula naye? Nikasema, kila mtu hula chake.
Ni rafiki yako?
Mikono yangu ilikuwa buluu hadi viwikoni.
Nikasema, simjui.

Nje hakuwika jogoo yeyote.
Kililia king'ora cha saa kumi na moja,
tukavua aproni, tukapanga foleni ya kutoka.
Awike asiwike, kutakucha; na kulikucha.
Miaka miwili baadaye kulikucha nchi nzima,
watu wakakumbatiana barabarani na wasiowajua.
Idalina alirudi na meno machache,
akahamia Porto, akafungua kiduka cha vifungo.
Sikwenda kununua hata kifungo kimoja.

Katika rangi ya maji, nyeupe haichorwi.
Unaizunguka. Unajizuia.
Ni karatasi yenyewe, pale mkono wako haukufika.
Nimepaka mkia, kijani kilichokaribia weusi,
mabawa ya kutu, miguu ya haradali,
na koo nimelizunguka tangu asubuhi.

Etelvina anachungulia, ndoo ya maji ya moto mkononi.
"Mbona hana koo?"
"Halijakauka," nasema.
Anaiangalia karatasi, ananiangalia mimi.

Jogoo anapanda juu ya beseni lililofunikwa,
ananyoosha shingo, saa kumi alasiri, saa isiyo yake,
anawika.
"Kachanganyikiwa huyu," Etelvina anacheka.
Anawika tena.
Nami naosha brashi, kumbe
katika ile glasi ya kunywa.