Fomu ya Bwana Kermali

Imeletwa na bodaboda ndani ya bahasha ya kaki,
imenikuta Area C chai haijapoa.
Ukurasa mmoja. Jina: Hezron Chilongani.
Umri: ishirini na moja. Magari aliyovunja: moja.
Chini kisanduku cha ndiyo, kisanduku cha hapana,
na mistari mitatu ya maoni ya msoma ramani.

Mistari mitatu!
Misimu miwili nimekaa kushoto kwake,
daftari mapajani, kalamu imefungwa kwa uzi,
nikimsomea barabara kama asomewavyo kipofu barua ya nyumbani:
kushoto nne, mita themanini, kulia mbili, usikate, jiwe ndani.
Yeye hajibu. Gari ndilo hujibu.

Nianze na kasoro, isije ikasemwa nimezificha.
Anachelewa breki. Wauza pedi wa Majengo wanamwombea dua.
Anatafuna karanga kabla ya kuondoka,
maganda anayamwaga miguuni pangu.
Akipitwa hukasirika, na akikasirika huwa mtamu kilomita kumi,
kisha tairi za nyuma hulipa deni.
Kwenye lami wapo vijana wawili wa Arusha wanaomshinda.
Nimewapima kwa saa yangu mwenyewe.

Lakini mpe vumbi.
Mpe ile nyekundu ya kupanda kwenda Kolo, ingiayo hadi kwenye meno,
mpe mchanga wa korongo lililokauka tangu Mei.
Wenzake hung'ang'ana na usukani kama mbuzi aliyekata kamba;
yeye huulegeza,
huuacha mchanga useme unakotaka kwenda,
halafu huuomba tofauti kidogo tu.
Hili halifundishwi. Au lilifundishwa, ila si na sisi:
miaka kumi na mitatu, Hombolo, juu ya pawatila la zabibu,
na kila kreti iliyodondoka ilikatwa kwenye posho ya mama yake.

Sasa lile gari moja.
Chenene, Oktoba, jua la saa saba.
Ripoti inasema: kosa la dereva, aliingia kona kwa kasi.
Aliiandika mwenyewe, mimi nikiwa zahanati nashonwa kidevu.
Ukweli ni karatasi mbili zilizogandana kwa jasho.
Niligeuza mbili badala ya moja,
nikamsomea "kulia tano, wazi"
palipokuwa na kulia mbili na mtaro.
Aliniamini. Basi.
Alipokuja kunitazama alileta maji na zile karanga zake,
akasema, "Dada Mwasiti, ile kona ilikuwa yangu."
Nikanyamaza. Midomo ilikuwa na ganzi.
Ganzi ilitoka jioni ile ile.
Miezi tisa sasa; kwa muda huo watu wanazaa.

Hapa kalamu inagoma.
Nikitia ndiyo, je, namlipa?
Nikitia hapana kwa sababu ya Chenene, namwibia mara ya pili.
Na huko timu kubwa, dereva wa namna hii wa nini?
Fundi atatengeneza kipi
ikiwa kila kilichovunjika kijana anasema ni mimi?
Wema nao una kona zake,
na huko pia anachelewa breki.

Kuna la aibu, dogo.
Wakimchukua, kiti cha kushoto wataweka mtu wao.
Nitabaki na daftari la kona tupu, na maganda.

Sikuanza na kisanduku.
Nimepiga mstari juu ya "kosa la dereva",
pembeni nikaandika jina lote, kama la kwenye cheti:
Mwasiti Ramadhani Kidunda, ukurasa wa thelathini na mbili.
Kwenye maoni: Anachelewa breki. Mfundisheni kusema "si mimi".
Atakayemsomea ageuze karatasi moja moja.
Alama ya ndiyo nimeitia mwisho,
imetoka nje ya kisanduku kidogo,
tairi moja majanini.

Nimemwita tena yule bodaboda.
Anauliza nauli ya kurudi analipa nani.